UZI: TB ya nje ya mapafu kwa wagonjwa wa dayalisisi, inavyojificha na namna ya kuifikia

#1 NefroKati

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa matabibu, wauguzi wa vitengo vya kusafisha damu, watu wa maabara na watu wa picha. Nataka tukusanye mahali pamoja namna ya kuigundua TB ya nje ya mapafu kwa mgonjwa aliye kwenye dayalisisi. Kwa kundi hili hugunduliwa kwa kuchelewa mno, na ikichelewa inaua.

Tafiti za nchi mbalimbali zinaweka hatari ya TB kwa mgonjwa wa dayalisisi kati ya mara 7 na mara 50 ukimlinganisha na mtu mwingine wa eneo lake. Sumu zinazobaki mwilini hudhoofisha seli T, ambazo ndizo zinazowafungia vimelea wa TB wasitoke. Seli hizo zikilegea, maambukizi yaliyolala miaka 20 yanaamka, mara nyingi ndani ya miezi 12 ya kwanza tangu mgonjwa aanze mashine. Sehemu kubwa ya wagonjwa hawa ugonjwa wao hauko kwenye mapafu. Uko kwenye tezi, utando wa mapafu, utando wa tumbo, mifupa ya mgongo, utando wa moyo au ubongo.

Ugumu ni kwamba kila dalili ya TB ina maelezo mengine kwa mgonjwa wa figo. Hali chakula: sumu za figo. Amekonda: lishe. Ana homa: katheta (mrija wa kumuunganisha na mashine). Ana maji kifuani: hajatolewa maji ya kutosha. Damu haipandi: sindano za erithropoietini (homoni ya kuongeza damu) ni chache. Kila jibu, ukilitazama peke yake, linaingia akilini, na miezi 3 inakatika hivyo hivyo.

Mimi huanza kuitafuta nikiona lolote kati ya haya likidumu zaidi ya wiki 2: homa ambayo damu imeoteshwa na hakuna kilichoota, maji ya upande mmoja wa kifua, maji tumboni yasiyolingana na uvimbe wa miguu, tezi ya shingo au kwapa inayozidi sentimita 1, maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, hemoglobini iliyogoma ingawa dozi imeongezwa na madini ya chuma yapo, albumini (protini ya damu) inayoshuka huku CRP (kipimo cha uwakaji mwilini) ikibaki juu, na kalisiamu inayopanda bila sababu. Yakiwepo mawili kwa pamoja, natafuta mahali pa kuchoma sindano siku hiyo hiyo.

Karibuni, kila mmoja alete la fani yake.

#2 Sista_Zamu

Asante dokta. Niongezee la kitengoni, maana sisi ndio tunaomwona mgonjwa saa 4 kila anapokuja.

La kwanza ni uzito mkavu, yaani uzito wa mgonjwa baada ya maji ya ziada kutolewa. Mgonjwa mwenye TB anapoteza nyama polepole, lakini uzito uliolengwa kwenye karatasi unabaki ule ule wa miezi 4 iliyopita. Matokeo yake mashine inamwachia maji mahali palipokuwa na nyama. Mizani inasoma kilo 58 kama kawaida, kumbe ana nyama za kilo 54 na maji kilo 4. Presha inapanda, anahema akilala, na kila mtu anasema amekunywa maji mengi. Ukiona mgonjwa anahitaji kushushwa uzito mkavu mara 2 ndani ya mwezi, mwambie daktari kwa maneno. Usiishie kuandika kwenye chati.

La pili ni muda wa homa. Homa ya katheta kwa kawaida huja na baridi kali ya kutetemeka muda mfupi baada ya kumuunganisha na mashine. Homa ya TB huwa ya jioni, nyumbani, hata siku zisizo za dayalisisi, na mara nyingi ni ndogo, 37.6 au 37.8, kwa sababu joto la kawaida la wagonjwa hawa liko chini kidogo. Pima kabla ya kuanza, katikati na kabla ya kumtoa. Ukipima mara moja tu hutaona mwelekeo.

La tatu, damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dawa yoyote: seti 2, moja kwenye katheta na moja kwenye mshipa, mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa. Mkumbuke chupa hizo za kawaida haziotewi na TB. Hutolewa kwenye mashine siku ya 5. "Hakuna kilichoota" haina maana kwamba TB haipo.

#3 NefroKati

Sista, hiyo ya uzito mkavu ingebandikwa ukutani kila kitengo.

Niongeze neno kwenye dawa za kubahatisha. Homa inapoanza watu hukimbilia siprofloksasini au levofloksasini. Dawa za kundi hilo zinaipiga TB kiasi: homa inatulia wiki 2, vimelea kwenye sampuli wanapungua, kipimo kinatoka hasi, kisha ugonjwa unarudi ukiwa umeenea, pengine na usugu juu yake. Amikasini na linezolidi nazo zina nguvu juu ya TB. Kama unashuku TB na mgonjwa anaweza kusubiri saa 24, chukua sampuli kwanza. Na rifampisini isitumike peke yake kwa maambukizi ya katheta, kamwe.

#4 medi5_Moro

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Kwa nini tusianze na Mantoux (kipimo cha ngozi) au QuantiFERON (kipimo cha damu) kwa kila mwenye dalili? Si ndivyo tunavyofundishwa kwamba ni wagonjwa wa hatari?

#5 NefroKati

Vipimo hivyo vinajibu swali moja tu: je, mwili umewahi kukutana na kimelea? Havisemi kama anaumwa leo. Kwa nchi zetu watu wazima wengi wamekutana naye.

Kisha kuna upande wa pili. Mantoux inategemea zile zile seli T zilizochoka, hivyo wagonjwa wengi wa dayalisisi ngozi haijibu kabisa, hata wenye TB hai. Uvimbe wa milimita 10 na zaidi tunauhesabu kuwa chanya, ila milimita 0 haimtoi mtu kwenye orodha ya washukiwa. QuantiFERON ni bora kidogo, lakini kwao hutoa majibu yasiyoamulika mara nyingi kuliko kwa watu wengine, kwa kuwa hata mrija wa kuthibitisha nguvu za seli haujibu. Ukilazimika kuipima, damu itolewe kabla ya kuanza mashine.

Kazi yake halisi ni kumtafuta mwenye maambukizi yaliyolala ili apewe kinga, hasa anayeandaliwa kupandikizwa figo. Kwa mwenye homa na maji kifuani, fuata maji.

#6 BenchiLaMaabara

Nilikuwa nasubiri tufike hapa. Majibu mengi hasi tunayotoa yanatokana na sampuli iliyoharibika kabla haijafika mezani kwetu. Niseme yanayotokea kila wiki katika maabara nyingi.

Kinyama chote kutiwa kwenye fomalini. Fomalini inaua vimelea, haioteshwi tena, na GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) nayo inayumba. Kinyama kigawanywe pale pale chumba cha upasuaji: nusu kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini ya patholojia, nusu kwenye chupa safi yenye salaini kidogo isiyo na dawa, kiasi cha kukifanya kisikauke. Andika kwenye chupa "USITIE FOMALINI", maana wapo wanaoiongeza njiani kwa nia njema.

Ujazo mdogo. TB ya nje ya mapafu ina vimelea wachache. Mililita 2 za maji ya kifuani hazitoshi kitu. Leteni 20 hadi 50. Maji ya uti wa mgongo walau mililita 6, na yakifika 8 hadi 10 ni bora zaidi. Maji ya uti wa mgongo yakizidi mililita 5 tunayazungusha kwa nguvu ya 3000 g dakika 15, tunamwaga ya juu, kisha mashapo tunayaongezea kemikali ya katriji (kikasha cha GeneXpert) hadi kufika mililita 2. Yakiwa mililita 1 hadi 5, tunachanganya nusu kwa nusu na kemikali hiyo.

Mrija wenye heparini. Heparini inazuia kipimo cha vinasaba. Maji ya kifuani yawekwe kwenye chupa kavu safi, na ya kuhesabu seli kwenye mrija wa EDTA (kizuia kuganda kingine).

Tezi: sindano ya geji 21 hadi 23, pitisha mara kadhaa. Tone la kwanza liende kwenye vioo kwa seli na rangi ya Ziehl-Neelsen. Kinachobaki kisuuzwe kwa salaini kwenye chupa kwa GeneXpert na kuotesha. Watu wengi hupaka vioo vyote kisha wanatupa sindano. Ile sindano ina sampuli ndani! Kinyama cha tezi tunakikata vipande vidogo, tunakisaga na mililita 2 za bafa, tunachukua 0.7 na kuongeza 1.4 za kemikali, tunatikisa na kuacha kikae kabla ya kutia mililita 2 kwenye katriji.

Na jibu la "chembechembe" (trace) kwenye katriji ya Ultra, toleo la GeneXpert lenye uwezo zaidi: kwa sampuli ya nje ya mapafu hilo ni chanya. Anzeni dawa. Sehemu ya rifampisini itasoma "haijulikani" kwa kuwa vimelea ni wachache mno, kwa hiyo sampuli ya kuotesha lazima iwe imehifadhiwa.

#7 tabibu_wilayani

Mkuu wa benchi, asante sana kwa hiyo ya sindano.

Swali la huku kwetu: tuna ultrasaundi na GeneXpert, hatuna ADA (kipimo cha kimeng'enya kwenye maji) wala mtu wa kuchukua kinyama. Wagonjwa wengi wanasafishwa mara 2 kwa wiki kwa sababu ya gharama, kwa hiyo maji kifuani ni jambo la kila siku. Nani nimchome sindano na nani nimwache? Na GeneXpert ya maji ikitoka hasi, nimefunga kesi?

#8 NefroKati

Hujaifunga. Kwa maji ya kifuani GeneXpert inakosa takribani nusu ya wagonjwa, wakati mwingine zaidi. Ikitoka chanya iamini, ikitoka hasi endelea kutafuta.

Nani wa kuchoma: maji ya pande zote mbili, yanayolingana, bila homa, shusha uzito mkavu kwa mizunguko 3 kisha rudia ultrasaundi. Yakipungua, yalikuwa maji ya figo. Yakibaki, au yakiwa ya upande mmoja, au yenye utando ndani yake kama wa buibui, au mgonjwa ana homa, chota. Usisubiri mzunguko wa nne.

Ukichota, pima protini na LDH (kimeng'enya) za maji na za damu siku hiyo hiyo. Protini ya maji ikizidi nusu ya ile ya damu, au LDH ya maji ikizidi 0.6 ya ile ya damu, au ikizidi theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, hayo yametoka kwenye utando unaoumwa. Kisha hesabu seli. Limfosaiti (aina ya seli nyeupe) zikizidi nusu, TB inapanda juu ya orodha. Ila wiki ya kwanza ya ugonjwa nyutrofili (aina nyingine ya seli nyeupe) zinaweza kutawala, usidanganyike.

Hapa kuna mtego wa kundi letu. Sumu za figo zenyewe huwasha utando wa mapafu, na maji yake yana protini nyingi, limfosaiti nyingi, mara nyingi na damu. Kwa karatasi yanafanana na ya TB. Mwenye ADA anapata msaada: ikizidi yuniti 40 kwa lita pamoja na limfosaiti nyingi, TB inawezekana sana eneo kama letu, ikiwa chini kabisa, tafuta kingine kwanza. Lakini usaha wa bakteria wa kawaida na limfoma (saratani ya tezi) navyo huipandisha. Kinachoamua ni kinyama cha utando wa mapafu, sehemu ya patholojia na sehemu ya kuotesha. Huyo mpe rufaa mapema, na barua iseme wazi: "naomba kinyama cha utando, TB inashukiwa". Ukiandika "maji kifuani" tu, atachotwa maji na kurudishwa.

Suala la damu kutoka: kinyama kichukuliwe siku moja baada ya dayalisisi iliyofanywa bila heparini. Chembe sahani zizidi 50,000, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) iwe chini ya 1.5. Figo iliyokufa huzifanya chembe sahani zisishikane hata kama idadi ni nzuri, kwa hiyo kwa kinyama cha ndani kama cha mgongo, desmopresini (dawa ya kusaidia damu kuganda) mikrogramu 0.3 kwa kilo, kwenye salaini mililita 50 kwa dakika 30, hutolewa takribani saa 1 kabla.

#9 PichaPwani

Kwa tabibu_wilayani: hiyo ultrasaundi yako ina uwezo kuliko unavyodhani. Usiishie kifuani. Pita utando wa moyo, pita tumboni uangalie maji, kisha tezi zilizo kando ya mshipa mkuu (zaidi ya sentimita 1.5 ni za kushuku), na umalizie wengu ukitumia kichwa cha masafa ya juu, vidoa vidogo vyeusi vya milimita chache ndani ya wengu ni ishara nzito, hasa kwa mwenye VVU. Dakika 10 zinatosha.

Mgongo. Mgonjwa wa dayalisisi ana washindani 3 wa maumivu ya mgongo: TB, stafilokoka iliyotoka kwenye katheta, na uharibifu wa mifupa unaotokana na amiloidi (protini inayorundikana) kwa waliokaa kwenye mashine miaka mingi. Stafilokoka huja kwa kasi na kula diski mapema. TB huja polepole, diski huachwa kwa muda, na jipu la msuli wa soasi huwa kubwa kuliko maumivu yenyewe. Amiloidi haina jipu wala homa. Hata hivyo picha haitoi jina la kimelea, sindano ya kuongozwa na CT ndiyo inayotoa.

MRI bila dawa ya kung'arisha inatosha mara nyingi. Dawa za zamani za gadolinia zina hatari ya ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa hawa wagonjwa, kwa hiyo usiombe "MRI yenye dawa" kwa mazoea. Ikilazimika, zungumza na radiolojia watumie za kundi salama zaidi. Dawa ya ayodini ya CT ni tofauti: kama mgonjwa hakojoi tena, hakuna figo ya kulinda, kama bado anakojoa, fikiria mara mbili.

#10 BenchiLaMaabara

Nirudi kwenye ADA. NefroKati, ile 40 isibebwe kwenda kwa mgonjwa wa dayalisisi ya tumboni. Tumbo lake lina lita 2 za maji ya dawa zinazoingia na kutoka, kila kitu kinazimuliwa, na ADA inaweza kusoma chini kabisa huku utando umejaa TB.

Kwa wagonjwa hao maji yakitoka na ukungu, sheria ya kawaida ni seli nyeupe zaidi ya 100, zaidi ya nusu nyutrofili, baada ya maji kukaa tumboni walau saa 2. TB ya utando wa tumbo mara nyingi huanza na nyutrofili vile vile, hivyo anayesubiri limfosaiti ili aishuku atasubiri sana. Kinachopaswa kuwashtua ni ukungu ambao haujaondoka siku 5 baada ya antibaiotiki sahihi na hakuna kilichoota. Hapo leteni mililita 50 hadi 100 kutoka mfuko uliokaa tumboni muda mrefu, tuzungushe 3000 g dakika 15, mashapo tuyaoteshe kwenye chakula cha vimelea, cha maji na cha kigumu pia. Cha maji tunakiangalia hadi siku 42, kigumu hadi wiki 8. Isipopatikana na hali haibadiliki, kamera ya tumboni na kinyama.

#11 NefroKati

Umenisahihisha vizuri mkuu, nakubali. 40 ni ya kifuani kwa mgonjwa wa mashine ya damu.

#12 medi5_Moro

Dokta, kule juu ulitaja kalisiamu. Figo ndizo zinazokamilisha vitamini D, sasa mtu asiye na figo kalisiamu inapandaje?

#13 NefroKati

Swali zuri mdogo wangu. Makrofaji zilizo ndani ya vinundu vya TB zina kimeng'enya kile kile cha figo, na hazisikilizi amri ya PTH (homoni inayosimamia kalisiamu). Zinatengeneza vitamini D kamili kadiri zinavyotaka. Kwa hiyo utaona kalisiamu iliyorekebishwa kwa albumini ikizidi 2.6 mmol/L, na PTH imeshuka, kwa mtu ambaye kazi ya figo zake ilikwisha. Kwanza simamisha kalisiamu kaboneti na alfakalsidoli wiki 2, upime tena. Ikibaki juu, tafuta vinundu: TB kwanza kwa mazingira yetu, kisha sakoidosisi na limfoma.

Nitaje na kile cha mkojo, LAM, kinachotafuta kipande cha ukuta wa kimelea wa TB. Ni kipimo cha haraka, tone la mikrolita 60, dakika 25, kwa wenye VVU. Wagonjwa wetu wengi hawakojoi. Anayekojoa na ana VVU mpime. Asiyekojoa asiandikiwe "LAM haikufanyika" halafu suala likasahaulika, atafutiwe sampuli nyingine.

#14 Binti_wa_Mzee

Samahani naingilia wataalamu. Sisi ndugu tunaomhudumia mzee wa dayalisisi tuangalie nini, na tukifika kwa daktari tuulize nini?

#15 Sista_Zamu

Karibu dada yangu, hujaingilia. Mpime mzee joto saa 12 jioni kila siku kwa wiki 2, uandike kwenye daftari. Andika usiku anaobadilishwa shuka kwa jasho. Papasa shingo na makwapa kila Jumapili. Uende na daftari hilo, useme: "Ana homa za jioni wiki 2, amepungua nguo zinamvuka, je, ameshapimwa TB ya nje ya mapafu, na sampuli imetoka wapi?" Makohozi na eksirei ya kifua afanyiwe pia, hata kama hakohoi, kwa sababu wapo wenye zote mbili, na analala kwenye chumba kimoja na wenzake saa 4 kila mzunguko.

Akiumwa kichwa baada ya mashine, kinachotokana na mashine huisha ndani ya saa hadi siku moja. Kichwa cha siku 5 chenye kutapika na kuchanganyikiwa ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

#16 tabibu_wilayani

Swali langu la mwisho: sampuli zote hasi, kinyama hakiwezekani, mgonjwa anashuka. Unaanza dawa?

#17 NefroKati

Ndiyo, ila kabla ya kidonge cha kwanza hifadhi sampuli ya kuotesha, na andika vipimo vya kuanzia: uzito baada ya mashine, joto la jioni, CRP, albumini, kipimo cha tezi au cha maji kwa sentimita. Bila hivyo mwezi wa pili hutajua kama anapona. Homa hutarajiwa kutulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Tezi inaweza kuvimba zaidi kabla ya kupungua, hiyo pekee haimaanishi dawa imeshindwa. Wiki ya 8 kama hakuna kilichosogea, rudi mwanzo: limfoma, usugu, au si TB.

Na usimpe kidonge cha dawa 4 kwa 1 kila siku. Pirazinamidi na ethambutoli hutolewa na figo. Zikirundikana, ethambutoli inapofusha. Rifampisini na isoniazidi kila siku dozi kamili. Pirazinamidi miligramu 25 hadi 35 kwa kilo na ethambutoli 15 hadi 25 kwa kilo mara 3 kwa wiki, baada ya dayalisisi, si kabla. Kwa kilo 50: vidonge 3 vya RH 150/75 (rifampisini na isoniazidi) kila siku, pirazinamidi 1500 na ethambutoli 800 kwa zile siku 3. Anayesafishwa mara 2, dozi ya tatu anaimeza nyumbani siku iliyo katikati ya pengo refu. Vitamini B6 kila siku, na macho yapimwe usomaji na rangi kabla ya kuanza.

#18 BenchiLaMaabara

Na tabibu, utuachie namba ya simu ya kitengo kwenye fomu ya sampuli. Jibu la kuotesha hutoka wiki ya 5 au ya 6, mgonjwa ameshahamishwa au faili limefungwa, na jibu lenye usugu wa rifampisini linabaki kwenye kabati letu bila mwenyewe.

#19 tabibu_wilayani

Nimeandika. Fomu za kesho zitakuja na namba, na chupa 2 kwa kila kinyama.